Pindo, Maji ya Betri na Faini ya Shilingi Elfu Tatu

Dada zetu wapenzi, na nyinyi mabibi harusi watarajiwa mlio ndani mnasingwa singo na kuhesabu siku.

Leo hatuna mshono mpya wa kuwaonyesha. Hatuna habari za leso wala za kudarizi. Wengi wenu mkija dukani mnauliza, "Paka wenu huyu kapatwa na nini?" Tumekuwa tukijibu kwa mkato, "Aliumia," kisha tunawapa kiti na kuwatolea vitambaa. Dada zetu, hilo halikuwa jibu. Leo tunawajibu, na tunaomba mtuvumilie mpaka mwisho kwa sababu ndani yake mna aibu yetu pia.

Sisi ni ndugu wawili wa tumbo moja, mafundi cherehani wa hapa Lamu. Tulimaliza kidato cha nne, tukaenda kozi ya ushonaji, tukarudi tukafungua duka kwa cherehani moja ya kukanyaga. Leo tuna cherehani nne na wasichana wawili tunaowafundisha. Mgeni akifika kisiwani petu vitu viwili humshangaza kabla ya milango ya kuchonga: punda na paka. Paka wako kila baraza, kila gati, kila penye harufu ya samaki. Hakuna aliyewaleta ambaye tunamkumbuka. Tumezaliwa tumewakuta, na wazee wetu wamezaliwa wamewakuta.

Wa kwetu alijileta mwenyewe. Aliingia dukani siku ya mvua, akalala juu ya gauni tulilokuwa tunalipinda, na tangu siku hiyo kila tukikunja pindo yeye yuko. Ndiyo tukamwita Pindo. Akazaa watoto wawili ndani ya kapu la masalia ya vitambaa, nasi tukaliacha kapu mahali pake kwa sababu mzazi ni mzazi.

Siku ya kujaribisha nguo

Tulikuwa tumepokea kazi kubwa ya harusi. Nguo ya bibi harusi, nguo za dada zake, buibui la kutokea, na kanzu ya bwana harusi ya kudariziwa shingoni. Mambo madogo tumeyabadilisha hapa ili mtu asijulikane, maana hatukuandika haya kumfedhehesha mtu.

Siku ya kujaribisha, bwana harusi alikuja kuchukua kanzu yake. Kapu la Pindo lilikuwa karibu na kiti. Akalisukuma kwa mguu apate kukaa, mtoto mmoja wa paka akalia, na Pindo akaruka akamparura mkono. Tone la damu likaingia kwenye mkono wa kanzu nyeupe. Tukamwomba radhi sana, tukaiosha hapo hapo kwa maji baridi na sabuni, alama ikatoka. Naye akacheka, akasema hapana neno. Tukasema mashallah, kijana mwenye moyo mpana.

Asubuhi tulipofika kufungua, Pindo alikuwa chini ya baraza. Hakulia. Manyoya ya mgongoni yalikuwa yameshikana kama gundi, ngozi chini yake imegeuka nyeupe kisha nyekundu, na jicho la kushoto halikufunguka. Mmoja wetu alimgusa akahisi vidole vinawaka. Yalikuwa maji ya betri. Tulimmiminia maji ya mfereji ndoo kwa ndoo, tukamfunga kwenye leso yenye maji, tukamkimbiza kwa daktari wa mifugo. Jicho halikupona. Mgongoni manyoya hayakuota tena mpaka leo. Watoto wake tuliwanyonyesha maziwa kwa bomba la sindano, mmoja akaishi.

Dawa, sindano na kumrudisha mara tatu vilitugharimu shilingi 4,700. Ishikeni hesabu hiyo, tutairudia.

Binti wa jirani, mtoto wa miaka kumi, alituambia usiku alimwona nani kichochoroni akiwa na chupa. Hatukutaka kuamini maneno ya mtoto. Mmoja wetu akapiga simu, akauliza kwa adabu. Yule kijana hakukana. Alisema, "Si paka tu? Nitawaletea mwingine." Akacheka kicheko kile kile cha dukani.

Tukanyamaza

Hapa ndipo aibu yetu ilipo. Kazi ile ilikuwa na baki ya shilingi 38,000. Vitambaa vya lesi tulishavinunua Mombasa kwa fedha zetu. Tulijiambia kwamba ni sitara, Muislamu humsitiri mwenzake. Tulijiambia kuvunja posa ya watu kwa ajili ya paka ni dhambi kubwa zaidi. Tukashona usiku na mchana, na bibi harusi akija tunamficha Pindo chumba cha nyuma.

Wiki ya tatu bibi harusi akasikia. Kisiwa kidogo, nyumba zimeegemeana, neno halikai. Alikuja peke yake bila somo wala dada, akakaa kwenye kiti kile kile. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu: "Dada zangu, mlijua?"

Tukasema tulijua.

"Na mkanipima kiuno," akasema.

Wallahi hatujawahi kuambiwa neno likatuingia kama lile. Tulikuwa tumemsitiri yule aliyetenda, naye aliyekuwa anakwenda kuishi naye chumba kimoja tukamwacha gizani. Dini yetu haituruhusu hivyo. Mtu akija kukuuliza kuhusu mchumba wake, kumwambia ukweli kwa kadiri ya haja ni nasaha, wala haihesabiwi kuwa ni kusengenya. Wanazuoni wamelieleza hili wazi, na sisi tulilijua kutoka darsani. Tulilijua tukalikunja tukaliweka kabatini pamoja na nguo.

Harusi ile haikuwa. Sababu ni zao na wazee wao, nasi si zote tunazijua.

Tulipokwenda kutafuta haki

Baada ya hapo ndipo tulipopata nguvu ya kwenda kituoni. Afisa alitusikiliza vizuri, akaandika, akatupa nambari ya OB. Lakini tulikuwa tumechelewa wiki tatu. Chupa ilishatupwa. Picha hatukupiga. Daktari hatukumwomba barua. Mama wa yule mtoto hakutaka binti yake atajwe, na hatumlaumu, kwa sababu hata sisi wenye miaka thelathini na kitu tulikuwa tumeogopa. Kesi haikusimama.

Jamaa yetu mmoja anayefanya kazi za sheria alitusomea kifungu chenyewe. Nchini Kenya tuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Ni ya mwaka 1962, kabla ya uhuru. Imetaja kupiga, kupiga mateke, kubebesha mzigo kupita kiasi, kutesa, kutia sumu, mambo mengi mazuri. Adhabu ya ukatili ni faini isiyozidi shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili.

Tulimwomba aisome tena, tukidhani amesahau sifuri.

Shilingi elfu tatu! Mwaka 1962 zilikuwa fedha za kumtia mtu baridi. Leo sisi buibui la harusi lenye shanga hatulishoni kwa bei hiyo. Ile dawa ya Pindo ya shilingi 4,700 inapita faini ya juu kabisa ambayo hakimu angeweza kumtoza aliyemmwagia maji ya betri. Kifungo kipo, ni kweli, lakini hata akifungwa, miezi 6 ndio mwisho wake, kosa liwe ni kumpiga punda kiboko kimoja cha ziada au kumchoma kiumbe akiwa hai. Sheria inayapima kwa utepe mmoja. Fundi yeyote atakuambia nguo ya mtoto na nguo ya mtu mzima hazikatwi kwa kipimo kimoja.

Wengine wamefanya nini

Waingereza ndio waliokuwa wakitutawala sheria yetu ilipotungwa. Wao wenyewe, kule Uingereza na Wales, walikuwa na kifungo cha juu cha miezi 6 kwa kosa hili, mpaka mwaka 2021 walipokipandisha hadi miaka 5. Wao wameibadilisha nguo, sisi bado tunavaa ile waliyotuachia.

Lakini msiseme hili ni jambo la Wazungu. Tazameni ndugu zetu Waislamu. Wengi wetu tuna kaka, shangazi au mume anayefanya kazi Dubai au Abu Dhabi. Umoja wa Falme za Kiarabu ulirekebisha sheria yake ya wanyama mwaka 2016, na faini ikafika hadi dirhamu 200,000, pamoja na kifungo cha hadi mwaka mmoja.

Nanyi mnaopenda tamthilia za Kituruki mmeona jinsi paka wa Istanbul wanavyotembea madukani na misikitini kama wenye nyumba. Uturuki ilibadilisha sheria yake mwaka 2021. Kumuua kwa makusudi mnyama wa kufugwa kukawa kosa la jinai lenye kifungo cha miezi 6 hadi miaka 4. Hata hivyo kuandika sheria ni jambo moja na kuitumia ni jambo jingine. Mwezi wa Januari 2024 paka aliyeitwa Eros aliuawa kwa mateke na mkaazi mmoja wa jengo la makaazi huko Istanbul, kamera za jengo zikaonyesha yote. Mara ya kwanza mahakama ilitoa adhabu nyepesi na mtu yule akaenda zake. Watu walikasirika nchi nzima, kesi ikasikilizwa upya, na mwezi wa Machi akahukumiwa miaka miwili na nusu. Funzo tulilolipata hapo ni kwamba sheria kali bila watu wanaoisimamia ni cherehani isiyo na uzi.

Dini yetu ilitangulia

Dada zetu, sisi hatukuhitaji kusubiri bunge lolote kulijua hili. Mtume (SAW) ametuhadithia habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka aliyemfungia bila chakula wala kumwacha ajitafutie. Hadithi hiyo ipo kwa Bukhari na Muslim. Yule alimfungia tu. Je, mwenye kummwagia maji ya betri?

Ipo pia habari ya Kabsha binti Kaab, mkaza mwana wa sahaba Abu Qatada. Alimtilia mkwewe maji ya kutawadhia, akaja paka. Abu Qatada akakiinamisha chombo paka anywe mpaka atosheke. Kabsha akamtazama kwa mshangao, naye akamweleza kwamba Mtume (SAW) amefundisha kuwa paka si najisi, ni katika wale wanaotuzunguka majumbani mwetu. Tunaipenda habari hii kwa sababu ni ya mwanamke na chombo cha maji.

Na mbwa je? Sisi watu wa pwani ni Mashafii, tunajua hukumu ya mate yake. Lakini najisi huoshwa, haichomwi. Yuko aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Na punda, ndugu yetu wa kila siku hapa Lamu, Mtume (SAW) alipomwona mmoja amechomwa alama usoni alimlaani aliyemfanyia vile.

Tulimuuliza ustadha wetu wa darsa: je, kutaka kifungo kirefu kwa ajili ya mnyama si kuzidisha katika dini? Alitujibu kwamba makosa ambayo hayakuwekewa adhabu maalumu ya duniani huingia katika taazir, yaani adhabu ambayo mwenye mamlaka huiweka kwa kadiri ya uzito wa kosa na maslaha ya watu. Akatueleza pia kwamba tangu zamani katika miji ya Kiislamu muhtasibu wa soko alikuwa na kazi ya kuwazuia watu kuwabebesha wanyama mizigo wasiyoiweza. Hapa Kenya Mahakama ya Kadhi inahukumu mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, kwa hiyo jambo hili ni la mahakama za kawaida na la Bunge. Basi tuliombe Bunge.

Tunataka nini hasa

Wapo watakaosema, "Watu wanateseka, nyinyi mnalilia paka?" Tunawajibu kwa upole. Mkono uliommwagia Pindo maji ya betri ndio uliokuwa unatafuta mke. Ukatili haulali nyumba mbili. Anayejifunza kwamba aliye dhaifu anaweza kuumizwa bila hesabu, kesho atamkuta dhaifu mwingine ndani ya nyumba yake.

Wapo pia watakaohofia wachukuzi wetu maskini. Nasi tunahofia vilevile. Hatutaki mzee mwenye punda mmoja na watoto sita afungwe miaka kwa sababu punda ana kidonda cha shogi. Huyo anahitaji dawa na maneno mazuri. Ndiyo maana tunashukuru kwamba hospitali ya punda ipo hapa kisiwani tangu mwaka 1987 na imewasaidia wengi. Wala hatutaki mtoto aliyemrushia paka jiwe apelekwe mahakamani. Huyo apelekwe kwa mamake na kwa mwalimu wake wa chuo.

Tunachotaka ni sheria itenganishe. Uzembe uwe na daraja lake, na ukatili mkubwa wa makusudi uwe na lake: kuchoma moto, kumwagia maji ya moto au maji ya betri, kukata viungo, kutia sumu kwa kujua. Faini ipandishwe ifanane na fedha za leo. Kifungo cha juu kiongezwe kwa makosa hayo mazito. Aliyehukumiwa alipe gharama za matibabu, na azuiwe kufuga mnyama kwa muda ambao hakimu ataona unafaa.

Na njia ipo. Kifungu cha 119 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kuliandikia Bunge ombi, hata la kutunga au kurekebisha sheria. Hakikusema lazima uwe na digrii. Sisi wa kidato cha nne tumeandika la kwetu kwa Kiswahili, mezani tunapokatia vitambaa, na karatasi ya sahihi iko dukani. Ukija kupimwa, isome. Ukikubaliana nayo tia jina lako, na ukiona kasoro tuambie tuirekebishe.

Na likikutokea, Mungu apishe mbali, usifanye tulivyofanya sisi. Mwoshe mnyama kwa maji mengi na umfikishe kwa daktari. Piga picha siku hiyo hiyo. Mwombe daktari barua yenye tarehe. Andika majina ya waliofika. Weka chupa, kamba au chakula chenye sumu mahali salama bila kukishika kwa mkono mtupu. Nenda kituoni mapema uchukue nambari ya OB, na mwambie mzee wa mtaa ili uwe na shahidi mtu mzima.

Nanyi mabibi harusi, neno moja la mafundi wenu. Watu watakuambia utazame kazi yake, nyumba yao, mahari. Tazama hayo, ni haki yako. Lakini siku akija kwenu, tazama pia paka anapopita karibu na sahani yake anafanya nini. Hatusemi kila asiyependa paka ni mbaya. Wapo wanaowaogopa, wapo wanaopiga chafya. Mtazame mkono tu, na ukiwa na shaka uliza, uwaulize hata wanaokushonea nguo. Sisi tumeapa, tukiulizwa tena tutajibu.

Yule dada alirudi mwezi uliopita. Hakuja kwa ajili ya harusi, alileta gauni la mamake lipunguzwe mikono. Tulikuwa tumeogopa kwamba hatatusamehe. Pindo akatoka chini ya meza kwa jicho lake moja, akamzunguka miguu, akapanda mapajani mwake. Dada akamwekea mkono pale pasipoota manyoya. Tukaendelea kupima.

Mwenyezi Mungu atusamehe kwa kunyamaza kwetu, awape nyinyi wachumba wenye mikono ya huruma, na atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kuwahurumia walio ardhini. Amin.